Mwite kwa Jina Lake

Jina lake liliitwa mara tatu ukumbini, na mimi ndiye niliyeliita.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Mei, mwaka 1993, hapa Masasi. Klabu ya Huduma ilikuwa inatoa ufadhili wa kidato cha tano kwa wanafunzi watatu wa Masasi na Newala, na mimi, karani wa klabu, nilikuwa nimeshika orodha niliyoipiga chapa kwa mkono wangu. Wanachama walikaa mbele na mashati meupe na beji za shaba vifuani: wenye maduka, mganga mmoja, walimu wawili, na mwenyekiti wetu Bwana Dastani, mtu wa Songea aliyehamia kwetu kununua korosho baada ya watu binafsi kuruhusiwa kuinunua.

"Lukmani Bakari, wa Chilangala," nikasoma.

Watu wakageuka kutazama mlangoni. Nikasoma tena. Bwana Dastani akaninong'oneza nijaribu mara nyingine, labda kijana yuko nje anaona haya. Mara ya tatu sauti yangu ilitoka ndogo, kama ninamwita mtu aliye chumba cha pili. Kiti chake kilikaa kitupu mpaka mwisho wa shughuli, na soda yake ikabaki mezani imefunguliwa, ikaishiwa gesi. Nilikasirika. Inaniuma kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: niliamini amenifanyia makusudi, kwa kuwa nilikuwa nimemnyima jibu kwa wiki tatu.

Saa kumi jioni dereva wa basi la pili la Newala aliingia ukumbini na kofia mkononi. Akasema lori la makopa, mihogo mikavu, limepinduka alfajiri, kwenye mteremko wa kushuka kutoka Newala. Juu ya magunia walikuwa wamepanda watu wanne. Watatu wameumia.

Hakumtaja wa nne. Alikuwa akinitazama mimi.

Nilimfahamu Lukmani mwaka mmoja kabla ya hapo, alipokuja ofisini kuchukua fomu. Alichukua mbili, yake na ya mdogo wake Dadi. Nikamwuliza kwa nini Dadi hakuja mwenyewe. Akasema ameenda kuchota maji, na kwao maji ni safari kama ya Masasi. Baba yao alipofariki, Lukmani aliacha shule miaka miwili akashika mikorosho, kisha akarudi, akajikuta darasa moja na mdogo wake. Alisimulia hayo akicheka. Alikuwa na tabia ya kushika kiwiko cha mkono wa kushoto anapozungumza, kana kwamba mkono ule ungeweza kumtoroka.

Baada ya hapo akawa anakuja kwa mambo yasiyohitaji safari. Mara ya nne alikuja kuuliza kama wino wa bluu unakubalika. Nikamwambia unakubalika. Akauliza na mweusi je. Nikamwambia nao pia. Akatazama dari la ofisi, akashusha macho yake kwangu.

"Basi sina swali lingine," akasema, "na sitaki kuondoka."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Niliiweka juu ya mashine ya kupigia chapa, nikabonyeza herufi moja bila kukusudia, na sote wawili tukaitazama ile herufi kwenye karatasi.

Nyumbani kwetu Lukuledi baba yangu Nikolao ni katekista. Aliposikia jina la Lukmani hakunigombeza. Alisema tu kwamba mtu anaweza kumpenda mtu na asioane naye, na kwamba wengi wamefanya hivyo wakaishi. Upande wa pili, mwenye neno alikuwa mjomba. Kwa watu wa uwanda ule wa Newala mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye anayesema nani aoe wapi. Mjomba wao, Mzee Abdulazizi, alituma ujumbe kwamba binti wa katekista hatashika chungu nyumbani kwa dada yake maadamu yeye yu hai.

Lukmani hakubishana na mjomba wake. Aliniuliza mimi. Kama atachaguliwa, atakaa shuleni miaka miwili, je, nitamngoja? Nikanyamaza wiki tatu. Nilikuwa nimeshapata jibu siku ya pili, lakini nilitaka kumwambia ana kwa ana. Kwa hiyo nilipoandika barua za kuwaita washindi, kwenye ya kwake niliongeza kwa kalamu, chini ya muhuri: *Usingoje basi. Njoo mapema, nina neno.*

Shughuli ilikuwa saa nane mchana. Basi la asubuhi kutoka Newala lilifika saa tano.

Sikwenda mazikoni. Walimzika siku ya pili asubuhi, na mimi sikuwa mke wala mchumba wa kutajika. Nilirudi kazini. Nikasikia sauti yake mara nyingi katika siku zile, si usiku kama watu wanavyosimulia, bali mchana kweupe, nikiwa napiga chapa: mtu akibisha mlango wa ofisi nilijua ni yeye, na akiingia mwingine nilimchukia mtu huyo bure.

Julai ilipoingia Bwana Dastani aliniita. Nafasi ya marehemu haikuweza kukaa wazi. Kanuni ya klabu ilisema apewe anayefuata kwenye orodha, na aliyefuata, wa nne, alikuwa Dadi. Bwana Dastani alifurahi, akaona familia itafutwa machozi. Akanipa bahasha yenye fomu ya kukubali. Dadi atie saini kwa jina lile lile lililo kwenye cheti chake cha mtihani, nami niirudishe kabla ya Jumatatu. Asipotia saini, nafasi itakwenda kwa wa tano, msichana wa Mnyambe.

"Wewe unapajua kwao," akaniambia.

Sikuwahi kufika. Lakini nilipajua.

Nilifika Chilangala mchana wa siku ya arobaini. Kuna baridi kule juu mwezi huo, na upepo ulikuwa ukipiga khanga za wanawake waliokaa uani. Hitma ilikuwa imesomwa asubuhi, sufuria zilikuwa zinaoshwa. Kitu cha kwanza nilichokiona kilinisimamisha njiani. Mtu alikuwa akikatiza ua kwa mwendo wa Lukmani, ule wa kuburuza kisigino kimoja, na mkono wa kulia umeshika kiwiko cha kushoto. Nilitaka kuita. Akageuka, na alikuwa mama mtu mzima mwenye koti la kiume. Ni mtani wa ukoo, Mama Furaha, na kazi ya mtani msibani ni hiyo, kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke.

"Huyu ndiye binti wa katekista?" akauliza watu, si mimi. "Tazameni, amekuja na bahasha. Kwao hata pole huja kwa maandishi, ina muhuri na nakala mbili."

Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa.

Mama yake akatoka ndani. Nilipiga goti, nikasema shikamoo, Mama Lukmani. Akaitikia marahaba, akaninyanyua, akanishika uso kwa viganja viwili. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa amenigusa kabla yake. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniambia nisilie tena, mwanangu, mwenyewe yupo.

Nikadhani ni uchungu unaosema. Akageukia mlango.

"Lukmani, njoo umsalimie mgeni wako."

Akatoka kijana amevaa shati la Lukmani, lile la bluu lenye kifungo kimoja cheusi. Aliinamisha kichwa. Alikuwa Dadi.

Desturi hii niliijua tangu utoto. Kwetu jina la mtu haliachwi kaburini. Siku ya arobaini ukoo hukaa na kumchagua mmoja wa kulibeba, na anayelibeba hageuki mfano wa marehemu, anakuwa yeye. Mama wa marehemu ni mama yake, rafiki zake ni rafiki zake, ugomvi wake ni ugomvi wake. Mimi mwenyewe bibi yangu aliniita mama mpaka alipofariki, kwa sababu jina langu la nyumbani lilikuwa la mama yake, na nilipokuwa na miaka sita alikuwa akiniomba ruhusa ya kusafiri. Nililijua jambo lenyewe. Sikujua linavyokuwa likimjia mtu uliyempenda.

Mzee Abdulazizi alikuwa ameketi barazani na wanaume wengine wawili. Nilimwamkia, nikampa barua kwa mikono miwili. Akaisoma taratibu, midomo ikienda.

"Barua hii ni ya mtu ambaye hayupo," akasema.

Nikamwonyesha kwa macho. "Dadi yuko pale, mjomba."

"Dadi alikuwepo jana."

Nikamweleza jambo lilivyo. Shule inataka jina lililo kwenye cheti cha mtihani, na aliyefaulu akawa wa nne ni Dadi Bakari. Lukmani naye alifaulu, lakini klabu yote inajua kwamba amefariki. Hakuna anayeweza kuandika jina lake kwenye fomu ile. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akakunja barua kama ilivyokuwa.

"Nyinyi mlimpa Lukmani," akasema. "Lukmani tunaye. Andikeni Lukmani, atatia saini hata sasa hivi. Lakini akiitika Dadi mbele ya watu, siku ya leo, amemtoa kaka yake mlangoni. Mama yake atamzika mara ya pili."

Nilidhani amemaliza. Akanitazama, kwa mara ya kwanza si kama karani.

"Nilikukataa. Lile ni langu na Mungu wangu. Ulimtaka Lukmani, Lukmani ndiye yule. Mwite kwa jina lake, na ukoo huu hautakukataa tena."

Mama Lukmani alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema polepole, kama anayeomba maji, "Mwite, mwanangu. Nikusikie ukimwita."

Niliomba kwanza niseme naye. Wakakubali, bila kumtoa machoni mwao. Tukasimama penye mikorosho nyuma ya jiko, na watoto wakafukuzwa.

Dadi alikuwa na miaka kumi na tisa. Shati lilimpwaya mabegani. Akaniambia kwamba tangu asubuhi watu wanamweleza mambo. Mzee mmoja amemshukuru kwa kumchimbia choo mwaka juzi. Hakuchimba yeye, yeye siku hiyo aliumwa tumbo. Mwingine amemkumbusha ahadi ya jogoo.

"Sasa unadaiwa jogoo," nikasema.

"Nadaiwa jogoo na sikumbuki jogoo yupi." Akatabasamu, na tabasamu lilikuwa la nyumba moja na la kaka yake, nikatazama pembeni.

Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nimelibeba siku arobaini nikidhani nimelibeba peke yangu.

"Tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Aliamka saa tisa, akaanza kupapasa viatu. Nikamwambia, kaka, ngoja basi. Akasema ameambiwa asingoje."

Nilishika shina la mkorosho.

"Barua ilikuwa mfukoni walipomleta," akasema. "Niliisoma. Halafu nikaichoma, mama asije akaiona. Hakuna mwingine anayejua."

Ningependa kuandika kwamba nilimshukuru. Sikumshukuru. Alinisubiri, akawa ameshika kiwiko chake bila kujua, na sauti yake iliposhuka ilikuwa ile ile, nzito kidogo mwishoni mwa neno.

"Ukitaka, nitakusamehe."

"Nani atanisamehe?"

"Lukmani. Ni haki yake, na leo wamenipa mimi. Niite tu. Nitasema nimekusamehe, na litakuwa limesemwa na mwenyewe. Hata mjomba hawezi kulitengua."

Nataka anayesoma hapa anielewe. Sikuona udanganyifu katika maneno yale. Nilizaliwa katika desturi ile, na kila mtu pale uani angeshuhudia kwamba aliyesema ni Lukmani. Siku arobaini nilikuwa nimemwomba mtu asiyeweza kujibu, na sasa alikuwa amesimama hatua mbili mbele yangu na shati lake la bluu, yuko tayari. Ningelitaja jina mara moja. Ningesamehewa, ningepata mama aliyenishika uso kwa viganja viwili, na baada ya muda, labda, ningempata na yeye. Nilifungua kinywa. Herufi ya kwanza ilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Na Dadi?" nikauliza.

Alichuma jani la mkorosho, akalikunja mara mbili.

"Dadi hajakusamehe," akasema. "Dadi alimwambia angoje basi."

Upepo ukapita. Nilisikia wanawake wakigonganisha sufuria uani.

"Unaitaka shule?" nikamwuliza.

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza wewe."

Akalitupa jani. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini alisema kwa sauti kavu, "Naitaka mpaka naona aibu. Siku tunamzika, mimi nimeshika jembe, nilikuwa nawaza nani wa nne kwenye orodha."

Nilijua hapo kwamba nimekwisha. Mtu aliyesema maneno hayo hakuwa Lukmani. Lukmani asingeweza kuyasema, kwa sababu Lukmani hakuwa na kaka wa kumzika. Huyu alikuwa kijana mwingine, aliye hai, mwenye hasira yake na aibu yake, na kama ningemwita kwa jina la mwingine ili mimi nipumue, ningekuwa nimewamaliza wawili kwa kalamu ile ile.

Tukarudi uani. Mama yake alikuwa amekwishatandika mkeka mpya, ameukalia upande mmoja, ameacha nafasi ya watu wawili. Mama Furaha aliacha kuigiza. Mzee Abdulazizi alisimama barazani. Nilitoa fomu kwenye bahasha, nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaweka kalamu juu yake.

"Dadi," nikasema. "Njoo utie saini."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mama Lukmani alinitazama kana kwamba nimeingia uani wakati ule na hajui nimetoka wapi. Dadi alisimama pale pale muda mrefu, nikaona anamtazama mama yake, kisha mjomba, kisha karatasi. Halafu akaja. Alipiga magoti mbele ya kinu, akaandika jina lake lote, taratibu, kwa mwandiko wa mtu anayefanya mtihani.

Alipoinuka mama yake alikuwa mbele yake.

"Vua shati la mwanangu," akasema.

Akavua. Akabaki kifua wazi katika ile baridi, mikono imeanguka ubavuni, na hapakuwa na mtu aliyemsogelea. Hata mimi sikuthubutu. Ni Mama Furaha, mtani, aliyeivua khanga ya begani, akamfunika bila neno la mzaha.

Mzee Abdulazizi hakunilaani. Alisema nimepata saini niliyoijia, na kwamba gari la mwisho kutoka Newala halingoji mtu. Nikapiga goti mbele ya Mama Lukmani kumuaga. Alikuwa analikunja lile shati, mkono juu ya mkono, akilinyoosha mikunjo. Aliendelea kulikunja.

Nimeandika haya mwaka 1995, ofisini, kwa mashine ile ile, ili yasije yakanipotea. Baba hajaniuliza kilichotokea Chilangala, nami sijamweleza. Jina walilitoa upya mwaka ule ule. Wamempa mtoto wa binamu yao, ana mwaka mmoja na nusu na ameanza kutembea. Dadi anamaliza kidato cha sita mwezi wa tano. Kila likizo hushukia hapa Masasi, hukaa nusu saa kwenye kiti cha wageni akinisimulia shule, kisha hupanda basi la kwenda kwao, na mama yake humpikia. Neno la kunisamehe hajalitamka, na mimi sijamwuliza. Akiondoka nampa salamu za kumpelekea Mama Lukmani. Anazifikisha kila mara. Hazijajibiwa.